Mfumo umegoma? Liulize jengo kwanza: utatuzi wa matatizo ya TEHAMA katika zahanati na vituo vya afya vya Arusha na Moshi

"Mfumo umekata." Kauli hiyo ikitoka dirisha la mapokezi, afisa TEHAMA ndiye wa kwanza kusakwa. Naye anawapigia wanaosimamia mfumo, wanamjibu kwamba kwao uko hewani, na mabenchi yanazidi kujaa. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Mfumo ni mzima, ila jengo limeelemewa.

Zahanati na vituo vingi vya huku vilijengwa kwa ajili ya taa, friji ya chanjo na labda redio ya mlinzi. Leo kuta hizohizo zinabeba GoT-HoMIS (mfumo wa serikali wa kuendeshea huduma za kituo), uhakiki wa kadi za bima, taarifa za DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya), mashine za maabara zinazotuma majibu zenyewe, na penginepo X-ray ya kidijitali. Vifaa vimeletwa, mafunzo yametolewa, picha zimepigwa. Nyaya za ndani ya ukuta hakuna aliyezikumbuka. Ndiyo maana nikiitwa kuangalia mfumo, macho yangu huanzia kwenye dari, soketi na bodi ya umeme.

Mwongozo huu unafuata dalili kama watu wanavyozieleza. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea zaidi ndiyo inayotangulia. Vipimo vya mwanzo anaweza kuvifanya muuguzi, mfamasia au dada wa mapokezi bila bisibisi. Palipoandikwa SIMAMA, acha kazi na uite mwenye leseni. Kwa umeme wa ndani ya jengo, huyo ni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja linalolingana na kazi. Kijana anayejua kuunganisha taa za harusi siye.

Kwanza, maswali matatu

Nani ameathirika: chumba kimoja, jengo moja au kituo kizima? Chumba kimoja kikiugua peke yake, usihangaike na mtoa huduma wa intaneti.

Inatokea lini? Fungua daftari la matatizo mapokezi. Andika saa, chumba, hali ya hewa, na kifaa gani kikubwa kilikuwa kinafanya kazi. Daftari likijaa kurasa chache tu, fundi atasoma ugonjwa kabla hajafungua boksi la vifaa.

Seva iko wapi? Kama iko ndani ya kituo, mapokezi na maabara zinapaswa kuonana hata intaneti ikikatika. Zisipoonana, tatizo liko ndani ya kuta zako. Kama mfumo unafunguliwa kupitia intaneti, chukua simu, zima data yake, iunganishe na Wi-Fi ya kituo, kisha fungua ukurasa wowote. Ukifunguka, njia ya kutoka nje ni nzima.

Dalili: "Kompyuta zinajizima zenyewe, hasa asubuhi"

Asubuhi ndipo kila kitu huwaka kwa mpigo: birika la chai, otokleva, pampu ya maji, printa zote.

*Ekstensheni juu ya ekstensheni.* Hii ndiyo sababu ninayokutana nayo kuliko zote. Chumba cha daktari kilipewa soketi moja, tena nyuma ya mlango, sasa kinahitaji tano. Fuata waya wa kompyuta kwa mkono mpaka ukutani. Ukipita ekstensheni zaidi ya moja njiani, umeshapata mtuhumiwa. Baada ya saa moja ya kazi, gusa plagi kwa mgongo wa kiganja. Uvuguvugu si kitu, lakini plagi ya moto, au yenye rangi ya kahawia kuzunguka pini, iondolewe siku hiyohiyo. Dawa ya kweli ni sakiti mpya ya kompyuta peke yake, yenye breka yake, kutoka kwenye bodi. Kununua ekstensheni nzuri zaidi ni kuahirisha tu.

*Kifaa kizito kwenye laini moja na kompyuta.* Kwa asubuhi moja, panga otokleva na birika viwashwe kwa zamu, na pampu isubiri. Kompyuta zikitulia, umeshajua. Mashine ya X-ray ni kesi ya pekee: inavuta umeme mwingi kwa kitambo kifupi sana wakati wa kupiga picha, na kama nyaya za kuingilia ni nyembamba, kituo kizima kinapepesa. Mwulize mtaalamu wa mionzi anapiga picha saa ngapi, ulinganishe na daftari. Waya wa milimita 2.5 za mraba ni wa soketi za kawaida. Vifaa vizito vipewe waya kulingana na maandishi ya bamba lililo mgongoni mwa kifaa, na X-ray iwe na njia yake kutoka kwenye swichi kuu.

*Umeme mdogo kutoka nje.* Kituo kilicho mwishoni mwa laini huumia jioni, kijiji kinapopika na kuangalia televisheni. Fundi apime kwenye soketi mara kadhaa kwa siku. Kiwango chetu ni volti 230, na chini ya 207 mimi huanza kuandika barua. Stabilaiza inasaidia, lakini barua kwa Tanesco yenye vipimo, tarehe na saa inasaidia zaidi kuliko malalamiko ya mdomo.

*Nyutro (waya wa kurudisha umeme) iliyolegea.* Si ya kila siku, lakini ndiyo inayochoma majengo. Dalili yake haifichiki: taa za chumba hiki zinang'aa kupita kiasi wakati za kile zimefifia, na zinabadilishana. Katika jengo la fezi tatu, soketi ya volti 230 inaweza kupanda kuelekea 400. SIMAMA. Zima swichi kuu, chomoa kila kitu, ita Tanesco pamoja na fundi mwenye leseni. Usikaze chochote mwenyewe. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua au mlio wa kukaanga ndani ya bodi, watu watoke nje na upige 114 kwa Zimamoto.

Dalili: "UPS inalia mchana kutwa" au "haikai hata dakika tano"

UPS ni kile kiboksi cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Tazama kwanza kilichochomekwa humo. Printa ya leza haikai kwenye UPS, kwa sababu kipashio chake cha joto huvuta umeme kwa ghafla na UPS ndogo hulia na kuzima. Ihamishie ukutani. Wakati uko hapo chini ya meza, toa na chaja za simu za wafanyakazi.

Kisha soma ukubwa wake. UPS iliyoandikwa 650VA mara nyingi haifiki wati 400, na watu huichomekea kompyuta mbili, skrini mbili na swichi ya mtandao. Hesabu haikubali.

Halafu umri. Betri za asidi na madini ya risasi zilizomo humo huishi miaka 3 hadi 5 zikikaa penye nyuzi joto 25 hivi. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata umri huo karibu nusu. UPS iliyowekwa dirishani kwenye jua la Moshi mwezi Februari inazeeka haraka kuliko pacha wake aliye Ngaramtoni, kwenye baridi. Andika tarehe ya kununua ubavuni kwa kalamu ya kudumu, kazi ya sekunde kumi ambayo hakuna anayeifanya.

Kama printa imehamishwa, mzigo ni mdogo na betri ni mpya lakini bado inalia, UPS inakuambia kwamba umeme unaoingia si mzuri. Rudi kwenye dalili iliyotangulia.

SIMAMA ukiona betri imevimba, inavuja, au inanuka kama yai bovu. Fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi karibu nayo, wala usiibandue kwa nguvu. UPS yenyewe usiifungue hata ikiwa imechomolewa, ndani kuna kapasita zinazotunza umeme.

Neno moja la pembeni. Kuna vituo ambako, umeme ukikatika, mtu huchomeka ruta kwenye sola ya friji ya chanjo. Msifanye hivyo. Mfumo ule umepimwa kwa friji peke yake, na chanjo zikiharibika hakuna ruta itakayozirudisha.

Dalili: "Breka inaruka, ukiirudisha inakaa, kesho inaruka tena"

Hapa nasemea ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inayohisi umeme unaovuja kwenda ardhini.

Mara nyingi mkosaji ni kifaa kimoja kibovu au chenye unyevu: birika, hita, friji kuukuu ya chumba cha chai. Chomoa vyote, rudisha breka, chomeka kimoja kimoja.

Usipompata, hesabu kompyuta. Kila kompyuta huvujisha umeme kidogo sana kwenda ethi, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini, kupitia kichujio chake cha umeme, hata ikiwa mpya kabisa. Breka hizi nyingi zimepangwa kuruka kwenye miliampia 30, na zinaruhusiwa kuruka kuanzia nusu ya hapo. Ukishaweka kompyuta na printa kumi na zaidi nyuma ya breka moja, uvujaji mdogo mdogo unajumlishana, na siku yenye unyevu unavuka mstari. Hakuna kilichoharibika. Vifaa vigawanywe kwenye breka mbili au tatu.

SIMAMA fundi akikuambia "hii ELCB inasumbua, tuipite tu," akimaanisha breka hiyohiyo. Inayosumbua ndiyo inayozuia mtu asife. Badilisha fundi.

Dalili: "Ukigusa kompyuta inakupiga kidogo"

Watu huizoea, wengine huifanyia utani. Mimi naihesabu kuwa dalili nzito kuliko mfumo kukata, maana katika jengo la afya kuna vifaa vinavyogusa mwili wa mgonjwa.

Chanzo ni kichujio kilekile. Kompyuta isipopata ethi, kasha lake huelea kwenye volti mia na kitu. Umeme wenyewe ni mdogo, hivyo unahisi kama sindano. Lakini volti hizo zinatafuta njia, na njia iliyo karibu mara nyingi ni kebo ya mtandao. Tundu la mtandao la swichi hufa, kompyuta inabadilishwa, nayo inaugua vilevile.

Anza na plagi. Je, ni ya pini mbili iliyolazimishwa kwenye soketi ya pini tatu kwa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu? Au pini ya ethi imekatwa ili iingie kwenye adapta? Sababu hizi mbili zinabeba kesi nyingi, na dawa yake ni bei ya plagi.

Pili, soketi yenyewe. Katika majengo ya zamani fundi alivuta waya mbili tu, akafunga soketi ya matundu matatu kwa mapambo. Kwa macho hutagundua. Fundi apime kati ya fezi na ethi kwenye kila soketi ya chumba. Pasipo na kitu, waya wa ethi uvutwe.

Tatu, fimbo ya ethi nje ya jengo. Hapa ndipo ardhi yetu inapokuja na mambo yake. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro ina mawe ya volkano karibu na uso wa ardhi. Fundi anagonga fimbo, inakutana na mwamba, na badala ya kuhamia hatua chache pembeni anaikata kwa msumeno na kufukia kipande. Wakati wa masika udongo umelowa na mambo yanakwenda. Ukifika Septemba umekauka, na ethi imebaki jina. Muulize mlinzi au mfanya usafi fimbo iko wapi. Kama hakuna ajuaye, panda kwenye kibaraza ufuate waya wa kijani na njano. Mara nyingine utaukuta umekatwa na mtu aliyekuwa anafyeka majani.

Dawa ya mtaani ni chumvi na mkaa. Chumvi inasaidia kwa muda, kisha mvua inaiosha, na kabla ya hapo inaila fimbo. Bora kuongeza fimbo nyingine, zikitenganishwa kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja, na kuziunganisha. Kipimo kifanywe kwa kifaa maalumu cha kupimia ethi. Multimita ya kawaida haitoshi. Kipimo kirudiwe mwishoni mwa kiangazi, maana cha Aprili kinabembeleza.

SIMAMA kama mshtuko ni wa kukurusha na si wa kusisimua tu. SIMAMA pia kama chumba chenye dalili hii kina ultrasaundi, ECG, monita ya mgonjwa au kitanda cha umeme. Vifaa hivyo visimguse mgonjwa mpaka ethi ipimwe na fundi wa vifaa tiba athibitishe.

Dalili: "Mtandao upo mapokezi, maabara haufiki"

*Ruta imekaa vibaya.* Imewekwa ofisini kwa mganga mfawidhi, chini, nyuma ya kabati la chuma la mafaili. Ipandishe juu, iwe wazi, uone kama maabara inafufuka. Jaribio hili halina gharama.

*Nywila imesambaa.* Wi-Fi iliyokusudiwa kompyuta chache inabeba simu za wafanyakazi, ndugu wa wagonjwa na kijana wa kibanda cha chips. Badilisha nywila. Utalaumiwa kwa siku mbili, kisha watazoea.

*Kuta.* Majengo ya mawe yenye kuta nene, milango ya chuma, vyumba vilivyogawanywa kwa mabati, tangi la maji katikati ya korido, vyote hivyo hula mawimbi. Masafa ya 5 GHz ni ya kasi lakini hayapenyi ukuta kama ya 2.4 GHz. Chumba cha X-ray chenye madini ya risasi mlangoni au zege nene usikitegemee kabisa, weka waya.

*Majirani.* Mjini, gesti na maduka ya jirani wanatumia chaneli hiyohiyo. Kwa 2.4 GHz, afisa TEHAMA achague kati ya 1, 6 na 11 iliyo tulivu zaidi.

Kama hayo hayakutosha, usinunue virudishi vya kupokezana mawimbi kama ndoo za maji kwenye moto, kila kimoja kinapunguza kasi. Vuta kebo hadi kila bawa la jengo, ufunge kisambazio cha Wi-Fi darini katika korido.

SIMAMA kabla ya kutoboa sehemu mbili. Ya kwanza ni ukuta, mlango au dirisha la chumba cha X-ray: tundu moja la kupitishia kebo ni tundu la mionzi. Ongea kwanza na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, wenye ofisi na maabara hapa Arusha. Ya pili ni paa au dari ya asbesto katika majengo ya zamani, ile karatasi ya saruji yenye mawimbi mapana. Usitoboe, usikate, usifagie vipande vyake. Vumbi lake ni sumu ya mapafu na kuliondoa ni kazi ya wenye ujuzi huo.

Dalili: "Mvua ikinyesha mtandao unakuwa mzito, jua likiwaka unarudi"

Hii nitaikalia kidogo, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei ndiyo mtihani halisi wa kazi iliyofanywa kiangazi.

Tafuta kwanza kebo inayopita nje. Kebo ya kijivu au ya bluu inayouzwa kwa matumizi ya ndani haikutengenezwa kwa jua. Ganda lake hupasuka, maji huingia, na hutembea ndani ya kebo kama ndani ya mrija mpaka kwenye swichi. Ikunje taratibu kwa vidole: ganda likikatika kama karanga zilizokaangwa, ibadilishwe yote. Kiraka cha selotepu ni cha kujidanganya. Nje tumia kebo nyeusi ya nje, ndani ya paipu, na kabla ya kuingia jengoni ishushwe kidogo kisha ipande, ili maji yadondoke kwenye tumbo la kebo yasiingie ndani.

Pili, pitia viungo. Kebo ya mtandao haiungwi kwa kusokota na kufunga tepu kama waya wa taa. Kila kiungo cha namna hiyo ni kidonda, nacho hujulikana unyevu unapofika.

Tatu, panda darini. Panya wanapenda ganda la kebo, na popo hujificha humo mchana. Vaa barakoa na glavu, mavi ya popo yasipeperushwe. Kanyaga kwenye mbao za kenchi, kamwe si juu ya silingibodi. Tazama kama kebo imelala sambamba na nyaya za umeme kwa mita nyingi. Zitenganishwe angalau sentimita 30, na zinapokutana zikatane kama msalaba.

Nne, ubora wa kebo. Kwangua waya mmoja wa ndani kwa kisu. Wekundu ukiendelea hadi katikati, ni shaba. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inafanya kazi siku ya makabidhiano, kisha inakatika kwenye maungio na kushindwa kubeba umeme wa kamera na visambazio. Jaribio hili lifanyike dukani, mbele ya muuzaji, kabla fedha haijatoka.

Tano, urefu. Kebo ya mtandao ya shaba ina kikomo cha mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Wodi ya wazazi iliyo bondeni, mbali na jengo kuu, haifikiwi kwa kebo hiyo hata ukiwa na nia njema. Ni kazi ya faiba, kebo inayobeba data kwa mwanga badala ya umeme.

Faiba ina sababu nyingine. Kati ya jengo na jengo, kebo ya shaba ni njia ya radi. Waya uliofungwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo, kutoka jengo la wagonjwa wa nje hadi maabara, hauhitaji kupigwa moja kwa moja: radi ikianguka jirani inatosha kuua matundu ya swichi pande zote mbili. Ukikuta baada ya ngurumo matundu kadhaa yamekufa na yaliyobaki yanafanya kazi, usinunue swichi mpya kwanza. Ondoa ile shaba ya nje, weka faiba, na fundi afunge kinga ya mishtuko kwenye bodi kuu. Kinga hiyo bila ethi nzuri haifanyi chochote, kwa hiyo rudi kwenye fimbo.

SIMAMA: usipande juu ya paa wala mnara wa antena wingu likiwa limetanda, na usiguse kebo za nje wakati wa ngurumo.

Dalili: "Seva inazima saa nane mchana"

"Chumba cha seva" huwa ni stoo ya zamani: bati juu, hakuna silingi, mlango umefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao mtu mmoja aliye likizo. Tundika kipima joto ukutani. Seva hupendelea kati ya nyuzi 18 na 27.

Vumbi ndilo linaloongoza, hasa kando ya barabara za udongo miezi ya kiangazi. Zima seva kwa utaratibu wake, puliza feni na vichujio nje ya chumba. Kisha angalia hewa: tundu la chini upande mmoja na la juu upande wa pili, yote yakiwa na wavu wa kuzuia panya. Silingi chini ya bati hubadilisha chumba kuliko watu wanavyodhani. Kiyoyozi kije baada ya hayo, na kisifungwe juu ya seva, kwa sababu siku bomba lake la maji likiziba utaoga wewe na takwimu za wilaya. Inua pia macho uone kama bomba la maji la choo linapita juu.

Betri za sola zenye asidi ya kumiminika zisikae chumba kimoja na seva. Zikichajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Dalili: "Mfumo unafanya kazi, lakini watu wamerudi kwenye karatasi"

Hii huitwa uvivu wa watumishi. Ingia ukae kwenye kiti cha daktari kabla ya kukubali.

Soketi iko ukuta wa kushoto, kwa hiyo meza imesukumwa kushoto, kwa hiyo daktari akiandika anampa mgonjwa mgongo. Ameamua kuandika kwenye daftari na kuingiza jioni, na jioni hachelewi kusahau. Au jua la asubuhi linapiga skrini mpaka saa nne. Au skrini inatazama mlango, na anayesubiri anasoma majibu ya aliyemtangulia. Hilo la mwisho si adabu mbaya tu: tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, ni suala la kisheria, na taarifa za afya zimo katika zile nyeti.

Geuza meza kwanza. Weka pazia. Ikibidi, hamisha soketi badala ya kumhamisha daktari. Dirisha la dawa na la malipo yakiwa pande mbili za korido, mgonjwa anakwenda na kurudi na karatasi mkononi hata kama mfumo umeunganisha vyote. Kubadilishana vyumba viwili kunaweza kuondoa safari hizo bila tofali hata moja. Kwa ushauri wa mbali kwa video, kaa nje ya mlango wakati wenzako wanaongea ndani kwa sauti ya kawaida. Ukisikia maneno, ukuta wa mbao nyepesi haufai kwa kazi hiyo. Tafuta chumba cha tofali kisicho cha kupitia.

Mkifikia kuvunja ukuta ili kupata nafasi, SIMAMA. Mhandisi wa halmashauri aje aone kama ukuta huo unabeba kenchi, na kabla nyundo haijainuliwa, mtu azime breka za nyaya zilizomo ndani yake.